Jibu: Kuandika maisha ya bibi mhamiaji aliyejitolea miaka mingi

Umeuliza uanzie wapi kuandika maisha ya bibi yenu wa miaka 90, aliyehamia ugenini akiwa msichana na kujitolea mtaani tangu hapo. Usianze na "bibi, tusimulie maisha yako". Atakujibu kwa sentensi tatu, kisha atauliza kama umekula. Anza na picha moja ya zamani ya shughuli ya kikundi chake cha kujitolea, umuulize: huyu ni nani, nani alikaa na funguo za ukumbi, nani alipanga viti?

Rekodi dakika 45 hadi 60 kwa kikao, asubuhi akiwa na nguvu. Simu iwe katika hali ya ndegeni, karibu na kifua chake, si mezani penye vikombe, maana kijiko kitasikika kuliko yeye. Aongee lugha yake ya kwanza. Tafsiri ni kazi ya baadaye. Watoto wake wakae chumba kingine, la sivyo watamjibia.

Shida kubwa ni "sisi". Watu wa kujitolea husema "tulipika, tulifundisha", na mchango wao wenyewe unapotea. Muulize taratibu: wewe ulishika kazi gani siku hiyo?

Tarehe zihakikishe kwa pasipoti, hati ya uraia na mihtasari ya vikao vya kikundi. Ukikuta amezaliwa Januari 1, usishangae: wahamiaji wengi wasiojua siku yao kamili waliandikiwa hiyo. Jina nalo hubadilika herufi kati ya hati na hati. Nakili jina kama lilivyoandikwa katika kila hati. Kabla ya kusambaza chochote, msomee. Akitaka jambo la kifamilia liondolewe, liondoe bila ubishi.