Mama alikuwa mtoto vita vya Kagera, niandike anayokumbuka?

SWALI: Shikamoo anti. Nasoma UDOM mwaka wa pili. Mama yangu kakulia Kyaka na vita ya 1978 ilimkuta ana miaka minane, nataka niandike kumbukumbu zake ila kaka angu anasema mtoto wa umri ule hakumbuki vita, ntaishia kutunga hadithi tu. Ni kweli? – Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Loung Ung wa Kambodia alikuwa na miaka mitano tu Khmer Rouge, wapiganaji wa kikomunisti wa huko, walipoingia mji mkuu Phnom Penh Aprili 1975 wakawatoa watu wote mjini, kitabu chake kikatoka 2000 na maneno hayohayo ya kaka ako akaambiwa, tena na Wakambodia wenzake. Kwenye tarehe na mahali wana hoja, siwakatalii. Ila njaa? Mtoto aliyeshinda na njaa miezi na miezi haikumbuki kwa kalenda.

Halafu mtafute Marjane Satrapi wa Iran, kitabu chake Persepolis kipo kwa michoro, usikidharau. Mapinduzi ya 1979 yamemkuta ana miaka tisa, mwaka unaofuata hijabu inakuwa lazima shuleni na vita na Iraq inaanza, wazazi wakampeleka Vienna akiwa na 14. Kuna pale mama yake anashonea posta, zile picha kubwa za ukutani, za wanamuziki ndani ya koti la baba ili wazipitishe kutoka Uturuki, kisa binti yao anazitaka ukutani. Mi pale ndo nilielewa udikteta, kwamba mpaka posta ya mtoto inabidi ipite kwa magendo! Kwenye vitabu vya majenerali hukuti hiyo.

Sasa mama ako. Jeshi la Amin kuvamia Oktoba, daraja la Kyaka kulipuliwa, Nyerere kutangaza vita Novemba, hayo yahakiki vitabuni usimsumbue nayo. Yeye muulize siku wanakimbia walibeba nini, nani alibaki nyuma, walikula nini njiani, walilala wapi. Muulize mkiwa wawili tu mnachambua mchele, maana wajomba wakiwepo watamjibia wao na stori yote itakuwa mizinga na vifaru. Mrekodi kwa simu, akikubali lakini. Akisema "hapo sikumbuki" andika hivyohivyo kwamba hakumbuki, usimjazie, na kaka ako utamwonyesha hapo. Akinyamaza usimlazimishe, na kabla hujampa mtu yeyote asome, msomee yeye kwanza.