Maswali Yenu: Hewa ya Nyumba Mpya

Tumehamia nyumba mpya Kigamboni, hii ni wiki ya tatu. Kila asubuhi macho yanatuwasha, na mtoto wetu wa miaka minne anakohoa usiku. Akilala kwa bibi yake hakohoi kabisa. Fundi rangi anasema ni rangi tu, itaisha yenyewe. Ni kweli?
*Mama wa watoto wawili, Dar es Salaam*

Dada, mpeleke mtoto kwa daktari kwanza, na umweleze hilo la kwa bibi. Kikohozi kinachokoma mtoto akitoka nyumbani kinamwambia daktari mengi.

Kuhusu rangi, fundi wako yuko sahihi nusu. Rangi ya maji hutoa mvuke wake mwingi siku za mwanzo. Rangi ya mafuta na vanishi iliyochanganywa na tina huchukua muda zaidi. Lakini ikiwa hadi wiki ya tatu macho bado yanachoma, sisi tungeanza kulishuku kabati la nguo. Lifunge usiku kucha, asubuhi lifungue na unuse ndani. Harufu ya humo ikichoma pua kuliko ya ukutani, chanzo umekipata.

Makabati mengi siku hizi ni ya MDF au chipubodi, yaani unga na vipande vya mbao vilivyoshikanishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, kemikali inayowasha macho na koo. Gundi hiyo huachia gesi kwa miezi, hata miaka, na huachia zaidi penye joto na unyevunyevu, hali ambayo Dar haikosi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.1 za formaldehaidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya ndani. Uso wa ubao uliovikwa melamini, lile ganda gumu linalong'aa, hauna shida kubwa. Gesi hutokea kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno, matundu ya bawaba, na mgongo wa kabati ambao fundi huuacha mtupu kwa sababu hauonekani. Toa nguo zote, livute kabati mbali na ukuta, bandika ukanda wa kingo kila palipo wazi, kisha mgongo na matundu yapake vanishi ya maji mara mbili. Kazi hiyo ifanyike mtoto akiwa kwa bibi. Nguo zifuliwe, godoro lianikwe, kwa kuwa vitambaa hunywa mvuke na kuurudisha taratibu.

Mtoto alale chumba kisicho na kabati jipya. Acha wazi madirisha mawili yanayotazamana, maana dirisha moja peke yake halipitishi hewa ya kutosha, na nyavu za mbu zenye vumbi zioshwe. Tafadhali usifukize udi wala kupuliza manukato ili kuua harufu. Gesi itabaki palepale, na moshi wa udi utaongeza chembe ndogo ndogo kwenye mapafu ya mtoto huyohuyo.

Kwa ambao bado mnajenga: daini ubao wenye alama ya E1 au E0, yaani unaotoa formaldehaidi kidogo, na muione kwenye ubao wenyewe kabla haujakatwa. Bora zaidi, jengeni mashubaka ya zege ukutani na kuweka milango ya mbao halisi tu. Na mpangilio wa kazi uheshimiwe. Lipu ikae siku 28 ndipo ipakwe rangi, kisha makabati, kisha nyumba iachwe wazi wiki mbili hadi nne, magodoro na mapazia yaingie mwisho. Haraka ya kuhamia ndiyo inayowaponza wengi.

Niko hatua ya msingi, Tanga. Fundi anasema nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, ni kupoteza hela kwa sababu kiwanja changu ni mchanga mtupu. Nimsikilize?
*Msomaji wa Pongwe*

Hapana. Mchanga hupitisha maji ya mvua haraka, ni kweli, lakini unyevu hupanda kati ya chembe zake hadi kwenye zege, na zege huunywa. Baada ya mwaka utaona rangi ikivimba na unga mweupe ukidondoka chini ya ukuta, kisha ukungu nyuma ya makochi. Mbegu za ukungu huo ndizo zinazowabana wenye pumu.

Shindilia kifusi, tandaza mchanga wa sentimita 5 ili mawe yasitoboe nailoni, kisha laza nailoni ya geji 1000, yaani unene wa robo milimita. Vipande vipandane sentimita 30 na vifungwe kwa tepu. Kingo zake zipande hadi zikutane na mkanda wa DPC wa ukutani, ule wa kuzuia unyevu usipande, nao uwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Tumeona kazi nzuri ikiharibiwa hapa mwishoni: mwenye nyumba anajaza udongo na kupanga paving hadi juu ya mkanda, au lipu ya nje inashushwa mpaka chini na kuufunika. Unyevu unapata daraja.

Mchanga wa ufukweni usitumike kwenye lipu. Chumvi yake huvuta maji hata kutoka hewani.

Kabla ya vigae na makabati, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni, ziba kingo zote kwa tepu, subiri saa 24. Matone chini yake, au zege kuwa jeusi, maana yake subiri tena.

Huku Mufindi baridi ya Juni na Julai ni kali. Nikiingiza jiko la mkaa chumbani na kuacha dirisha wazi kidogo, kuna ubaya?
*Baba wa familia, Mafinga*

Ndugu yetu, usiliingize kabisa. Mkaa ulioiva, mwekundu, usio na moshi ndio unaodanganya watu, kwa kuwa bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Damu huishika kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki. Dirisha lililoachwa kidogo halitoshi kuiondoa. Mtu akiumwa kichwa na kichefuchefu penye jiko, atolewe nje kwanza, maswali baadaye.

Kama unajenga, weka dari, ziba mianya ya upepo chini ya milango, na ukitaka moto ndani jenga meko yenye dohani (bomba la moshi) inayopita kigongo cha paa kwa sentimita 60. Jiko la mkaa lipate banda lake nje. Mtungi wa gesi nao ukae nje, na jikoni pawe na tundu la hewa chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Feni ya kuvuta moshi itoe bomba lake nje ya ukuta. Mafundi wengine hulimalizia juu ya dari ya jipsamu, na moshi wote unarudi vyumbani. Jenereta iwe mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote.

Fundi kenchi anataka kupaka mbao za paa oili chafu ili kuzuia mchwa. Dodoma mchwa ni balaa.
*Msomaji wa Dodoma*

Oili chafu ina mabaki ya injini, mengine husababisha saratani. Bati likipata jua la Dodoma, mvuke wake hushuka kupitia dari. Tena haizuii mchwa kwa muda mrefu. Nunua mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali. Dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, hivyo zikikatwa fundi avae barakoa, na vipande vinavyobaki visichomwe wala kupikiwa chakula cha mafundi. Tunalikazia hili kwa sababu ndivyo inavyofanyika kwenye viwanja vingi. Majivu yake ni sumu kwa watoto na kuku.

Dawa ya ardhini inyunyiziwe kabla ya nailoni na jamvi, si kwenye kuta za vyumba, wala karibu na kisima. Kagua kwamba imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mtu akikuletea aldrini, dieldrini au klodani, mkatalie. Zimo kwenye orodha ya kwanza ya sumu za Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti sumu zinazodumu, nazo hukaa ndani ya nyumba miaka mingi.

Nina mabati ya asbesto kutoka nyumba ya babu. Niyakate niezekee stoo?
*Msomaji, Moshi*

Usiyakate, usiyatoboe, usiyasugue. Nyuzi zake zikivutwa hukaa mapafuni maisha yote. Yaache yalipo, yafunike, na uulize ofisi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla ya kuyahamisha.