Ulitaka kundi moja, ukapoteza sudo

Pole ndugu. Kwenye Linux ulitaka kujiunga na kundi la docker (programu ya kuendesha kontena), ukaandika `usermod -G docker` na jina lako, na sasa sudo, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi, inakukatalia. Tatizo ni herufi moja tu: bila `-a`, `-G` haiongezi kundi, inakutoa katika makundi yote ya ziada, likiwemo lile linaloruhusu sudo, na kukuachia ulilolitaja.

Kama una dirisha la terminali ulilofungua kabla ya kosa, usilifunge! Makundi husomwa unapoingia, kwa hiyo huenda sudo bado inakubali humo. Kama huna, washa mashine kwa hali ya uokoaji, uingie kama root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kisha `mount -o remount,rw /` ili diski iweze kuandikwa.

Kabla hujagusa kitu, linganisha `/etc/group-` na `/etc/group`, faili la orodha ya makundi. Ile yenye kistari mwishoni ni nakala ya kabla ya badiliko la mwisho. Itakuonyesha ulichopoteza, lakini ukibadilisha tena inaandikwa upya. Halafu `usermod -aG sudo` na jina lako (kwenye Fedora kundi ni `wheel`). Toka, ingia tena, hakiki makundi yako kwa `id`.

Na hilo kundi la docker, mwanachama wake ana nguvu sawa na root. Usimpe kila mtu.