Talaka umepewa, karatasi iko wapi?

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahkama ya kadhi huku Pemba, na swali lililonifikia zaidi pale dirishani lilikuwa hili: "Mwanangu, hapa ni kwa dini au kwa serikali?"

Ni kwa vyote viwili. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977 inasema nchi haifuati dini yoyote, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Lakini Zanzibar kadhi ni mtumishi wa umma, na anahukumu ndoa, talaka, mirathi na wakfu wa Waislamu kwa Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya 2017, iliyoshika nafasi ya ile ya 1985. Wenzetu wa Bara wakisikia hivi hushangaa. Sisi tumezaliwa humo, hatulioni hata la ajabu, na kwa kutoliona ndiyo watu hupata tabu.

Tabu kubwa ni talaka. Kwa dini, ulimi wa mume watosha. Akishatamka, mke anakaa eda, ule muda wa kungoja kabla ya kuolewa tena, ikiisha, mambo yameisha. Ila ulimi haufiki ofisini. Mwaka wa pili anatokea mchumba, anatakiwa hati ya talaka, na yule bwana, ambaye mtaa mzima ulimsikia akipiga kelele, anasema hajaacha mtu. Nimewaona kina mama wakihangaika na mashahidi waliokwisha hamia Unguja, wengine wamekufa. Kwa hiyo nakwambia, dada yangu: siku unayoachwa, dai maandishi, mashahidi wakiwa bado wapo na hasira ya bwana bado ya moto. Akishapoa huanza kusahau! Kisha peleka ikasajiliwe. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii uliundwa kwa sheria ya 2018, na ndoa na talaka zimo katika kazi zake.

Wapo wazee watakaokwambia kuandikisha ni mambo ya kizungu, dini haiyataki. Waulize kwa adabu: aya ndefu kuliko zote katika Kurani ni ipi? Ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe. Ukishawauliza, nyamaza.

Mali nayo. Sheria ya 2017 inamruhusu kadhi kugawa mali waliyochuma mume na mke, ila kwa mchango halisi. Mchango wa mdomo ni mgumu kuuthibitisha. Wanawake wa Pemba wanalima mwani, fedha inanunua saruji na mabati, kiwanja kina jina la mume. Weka risiti za saruji. Kama mikarafuu ni yako, weka stakabadhi za ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, kwa jina lako. Hakuna anayeolewa akiiwazia mahkama, najua, lakini mkoba wa karatasi haumtusi mtu.

Usiporidhika na hukumu, kata rufaa kwa Kadhi Mkuu, kisha Mahkama Kuu ya Zanzibar. Hapo ndipo mwisho. Katiba ya Zanzibar haiipi Mahkama ya Rufani ya Tanzania mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa kadhi, basi anayekuahidi kuifikisha kesi hiyo huko anakulia fedha zako.

Mliofunga ndoa Dar es Salaam, msichukue haya nisemayo mkayapeleka huko. Bara inatumika Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo haivuki bahari kuja kwetu. Kule shauri la talaka hupita kwanza baraza la usuluhishi, ndipo mahakama ya kawaida. Na kama mmoja wenu si Muislamu, hata hapa Pemba kadhi hawezi kuwasikiliza. Nendeni mahkama ya kawaida moja kwa moja, msipoteze nauli kuja dirishani kwetu.