Dalali anasema kiwanja kimeshapimwa na shule inajengwa jirani, tununue?

SWALI: Habari za kazi mtaalam. Mimi na mume wangu ni watumishi, ofisi zetu zote ziko Mtumba, kwenye mji wa serikali, na tumechoka kupanga mjini. Tuna watoto watatu, wakubwa wawili wanasoma ingilishi midiamu mjini na hatutaki kuwahamisha. Tumepata nusu heka upande wa Kikombo, kumetulia, tunaweza kufuga kuku na mbuzi kidogo. Dalali anasema kimeshapimwa, bikoni za mipaka zipo, mwenyekiti wa mtaa atatuandikishia, na kuna shule ya msingi itajengwa hapo hapo jirani kwa ajili ya huyu mdogo. Tuangalie nini zaidi kabla ya kulipa? Mama wa watatu, Dodoma.

JIBU: Dada yangu, kuku na mbuzi sina neno nao, na kutoka Kikombo kwenda kazini Mtumba ni karibu tu. Mimi ni mpima ardhi, kwa hiyo barua yako nimekwama hapo kwenye "kimeshapimwa, bikoni zipo", maana hayo maneno nayasikia kila siku hapa Dodoma na ndo yanaliza watu.

Bikoni peke yake ni zege na chuma. Mtu yeyote mwenye sementi na GPS ya mkononi anaweza kuja Jumamosi akasimika nne, akakuandikia na koodineti kwenye karatasi yenye mhuri mzuri, na bado serikali haikijui hicho kiwanja. Na hiyo GPS ya mkononi au ya kwenye simu inakosea mita kadhaa, sasa kwenye nusu heka mita tano ni choo chako kukutwa kwa jirani. Upimaji wenyewe unaanzia kwenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, unaosema hapa makazi, hapa barabara, hapa shule, hapa zahanati, hapa pabaki wazi. Ndo mpima mwenye leseni aingie saiti apime kwa kuufuata huo mchoro, kazi iende kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani, ikipita ramani inasajiliwa na kiwanja kinakuwa na namba na kitalu (bloku). Muulize dalali wako namba ya kiwanja na kitalu. Akianza kukwambia "iko kwenye process" basi hakijapimwa, asikuzungushe.

Sasa hilo la shule ndo linaniumiza zaidi. Maeneo ya shule kwenye michoro ni makubwa na mara nyingi yanakaa miaka bila kujengwa, yanaonekana pori tu, wajanja wanayakata vipande wanauza, halafu wanamwambia mteja shule inajengwa hapa jirani, na ni kweli inajengwa, ila ni juu ya hicho kiwanja alichonunua! Siku halmashauri ikija na tingatinga anayevunjiwa ni mzazi aliyehamia pale kwa ajili ya shule, dalali ameshabadilisha laini. Kwa hiyo nusu heka iliyo "jirani na shule itakayojengwa" mimi kwangu ndo ya kukaguliwa mara mbili.

Na mwenyekiti jamani. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha kwamba fulani kamuuzia fulani yeye akiwepo, basi. Hauthibitishi kwamba muuzaji ana haki na hiyo ardhi, na haugeuzi shamba kuwa kiwanja. Hapa Dodoma ni hatari kuliko miji mingine kwa sababu mji huu uko chini ya mipango muda mrefu, CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilianza 1973 mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kuhamia halmashauri ambayo mwaka uliofuata ikawa Jiji, kwa hiyo pori unaloliona wewe linaweza kuwa na mchoro na mwenyewe siku nyingi tu. Hivi viwanja pandikizi mnavyovisikia, yaani eneo moja kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja, vimetokana na mambo mengi ila hili la kununua kwa mhuri bila kuangalia mchoro limo.

Fanya hivi. Mtafute mpima mwenye leseni, siyo anayeletwa na dalali, achukue koodineti za hizo kona aziweke juu ya mchoro pale ofisi ya ardhi ya Jiji, mtaona eneo lenu limeangukia makazi, barabara, shule au korongo. Kama muuzaji ana hati, fanyeni sachi, yaani upekuzi wa nani mmiliki, kwa msajili wa hati. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, hakuna cha kumtumia mtu kwenye simu "akusukumie faili". Na muwe na uhakika bado mko ndani ya Jiji, maana ukisogea kidogo umeingia wilaya ya Chamwino, huko ikiwa ni ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukugawia, ni halmashauri ya kijiji tena kwa idhini ya mkutano mkuu, kwa hiyo omba kuona muhtasari wa mkutano huo.

Wanaosema nunua kwanza utarasimisha baadaye msiwasikilize. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, unapanga watu pale walipo, haurudishi barabara ambayo haikuachwa, na pasipo na barabara gari la maji halifiki, bomba linakuwa shida kupita, na visima vya huku vingi ni maji chumvi.

Basi la shule pia linataka hiyo hiyo barabara. Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, na makorongo ya huku yakishuka maji hapapitiki mpaka yapungue. Muulize dereva wa basi la hao wakubwa anageuzia wapi mwezi wa pili, kisha mkapaone nyie wenyewe mvua ikiwa imenyesha, kabla hamjatoa hata shilingi ya kushikia.