Kupandikiza ufizi, kuweka skrubu

SWALI: Ninafasiri vipeperushi vya kliniki ya meno. Niliandika "upandikizaji wa tishu laini kuzunguka kipandikizi cha meno". Mama mmoja akauliza kama hicho kipandikizi ni kile cha uzazi wa mpango. Niandikeje?

JIBU: Mama huyo amesoma sawasawa. Kwa Watanzania wengi kipandikizi ni kile kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba. Neno limeshapata wenyewe.

Kitenzi "kupandikiza", hata hivyo, usikiache. Ni kukitoa kitu hai kilipokuwa na kukipanda pengine kikashika: miche ya nyanya hung'olewa kitaluni ikapandikizwa shambani, figo hutoka kwa ndugu ikapandikizwa kwa mgonjwa. Ufizi nao ni hivyo hivyo. Daktari hukata kipande chembamba kwenye kaakaa, akakishona pale ufizi ulipopungua, nacho kikipata damu ya hapo kinashika. Skrubu ya titaniamu inayobeba jino haina uhai. Hukazwa kwenye mfupa wa taya, mfupa ukaishikilia. Basi skrubu huwekwa, ufizi hupandikizwa.

"Tishu laini" waachie madaktari. Ulimi na shavu navyo ni tishu laini. Mimi ningeandika: "Daktari atachukua kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, yaani juu ndani ya kinywa, akipandikize kwenye ufizi unaozunguka skrubu ya jino lako la bandia." Ni ndefu kuliko yako, ila mgonjwa anajua atakatwa wapi, na ana haki ya kujua, maana mara nyingi jeraha la kaakaa ndilo linalouma kuliko pale paliposhonwa.

Upatanisho pia: ufizi umevimba, fizi zimevimba. "Fizi imevimba" tunaisikia kila siku, lakini kwenye maandishi ya hospitali usiiingize.

Na kuna jambo moja ambalo "tishu" hulificha kabisa. Wakati mwingine daktari hakati kaakaa, bali hutumia utando wa kolajeni (protini inayoshikamanisha ngozi na nyama) uliotengenezwa kutokana na mnyama, na baadhi ya tando hizo hutokana na nguruwe. Muulize daktari wa kliniki hiyo anatumia upi, kisha mtaje mnyama kwa jina lake kwenye kipeperushi. Miongoni mwa wasomaji wako huenda wamo Waislamu. Wanapaswa kuliona hilo kabla ya kutia saini.