Hapana, Kamera Haijaharibika

Niliwashauri mtazame viota vya ndege wa baharini mubashara kwenye simu. Barua zimekuja, nami nimechagua hizi.

Nimefungua kamera ya albatrosi mara nne baada ya chakula cha jioni. Giza tupu. Imeharibika? (Njoro)

Ni mtu wa tatu kuuliza hili mwezi huu wa Mei. Kamera hiyo iko New Zealand, na kule wako mbele yetu kwa saa tisa. Ukimaliza ugali saa mbili usiku, kule ni saa kumi na moja alfajiri, na msimu huu wa baridi jua lao huchelewa. Fungua saa kumi na mbili asubuhi, kabla hujapanda matatu. Kwao ni saa tisa alasiri. Pafini, ndege wengine wa baharini, wa Maine, Marekani, wako nyuma yetu kwa saa saba, basi hao watazame jioni.

Inamaliza bando. (Kondele)

Shusha ubora wa picha hadi 240. Ndege amekaa kwenye kiota, huhitaji kumhesabu manyoya.

Kinda la albatrosi liko peke yake tangu asubuhi, mvua inalinyeshea. Wazazi gani hawa? Mbona wenye kamera hawalisaidii? (Mama wa wawili, Kakamega)

Mama, hao ni wazazi wazuri. Yai waliliatamia kwa zamu siku 80 hivi, na kinda walilikalia wiki tano za mwanzo. Sasa linaweza kujipasha joto lenyewe, ila njaa yake haishibishwi na mzazi mmoja, ndiyo maana wote wawili wako baharini wakisaka ngisi. Kila mmoja akirudi hulitapikia mlo, kisha huyo anaondoka. Ni dakika chache, na wewe ulikuwa jikoni. Litaruka lenyewe karibu Septemba. Tena hapo Taiaroa Head, New Zealand, kwenye kiota hicho, kuna walinzi wanaolipima uzito, na likikonda huongezewa chakula.

Ila hamu hii ya kuokoa naijua. Nimewahi kuletewa kinda la ndege ndani ya katoni, “limeachwa”, na mama yake alikuwa juu ya mti akipiga kelele muda wote. Lilikuwa likijifunza kuruka. Rudisheni mlikookota.

Tangu Januari natazama pafini naona mawe tu. (Busia)

Walikuwa baharini, hurudi nchi kavu Aprili. Pole kwa bando.

Kuna ukurasa unaonyesha pafini wakilisha makinda “sasa hivi” na unaomba mchango kwa simu. Nitume? (Lanet)

Usitume hata bob. Maine sasa ni wakati wa kuatamia, makinda ni ya Juni na Julai. Umeonyeshwa rekodi ya zamani.

Mbona mwari wa Elmenteita hawana kamera? Nina droni, naweza kuwarushia matangazo. (Gilgil)

Nilijua utafika tu. Iache chini. Mwari weupe hutaga kwenye visiwa vya mawe pale, na hufuata samaki hadi Ziwa Nakuru. Safari hiyo inawatosha. Droni ikilia juu yao huruka wote kwa pamoja, na mayai yanabaki kwenye jua la saa saba. Kamera ya kiota huwekwa kabla ndege hawajarudi, na haisogei. Halafu droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye hifadhi cha Shirika la Wanyamapori (KWS) pia. Unavyo?

Ndege hutaka subira. Hao pafini wa kwenye kamera waliwindwa kwa nyama na manyoya hadi wakaisha Eastern Egg Rock, kisiwa cha huko Maine, karne ya 19. Mwaka 1973 Stephen Kress, mtaalamu wa ndege, alianza kuleta makinda kutoka Newfoundland, akayachimbia mashimo, baadaye akasimamisha sanamu za mbao za pafini juu ya miamba ili wanaopita wadhani kuna wenzao. Walitaga tena mwaka 1981. Ni miaka minane ya kungoja, na kisiwa chenyewe ni kidogo.

Uza hiyo droni ununue darubini. Ukisimama ufukweni Elmenteita asubuhi utawaona mwari wakipaa kwenda Nakuru.